Kiingereza na Kijana Atakaye Udaktari

Kijana atakaye kuwa daktari hukutana na milango mitatu. Wa kwanza ni masomo, wa pili ni fedha, na wa tatu ni lugha. Milango miwili ya kwanza yajulikana na watu wote. Wazazi huizungumza baada ya mavuno, walimu huitaja siku ya kufunga shule, na jamaa hukutana wakachangishana kwa ajili yake. Lakini mlango wa tatu hautajwi sana, kwa sababu watu hudhani kwamba umo ndani ya ule wa kwanza. Aliyefaulu masomo huhesabiwa kuwa amefaulu na lugha pia. Sivyo. Wako vijana wenye akili nzuri ya Kemia na Bayolojia waliokwama katika mlango huo wa tatu, na wengine wao hawakujua hata siku moja kwamba ndio uliowazuia.

Jambo hili lampasa kila mzazi na kila mwalimu wa Afrika Mashariki kulifikiri, maana huku nyumbani karibu kila kijana asomaye udaktari ausoma kwa lugha isiyo ya mama yake.

Kwanza yafaa kuondoa aibu. Hakuna fedheha kusoma udaktari kwa lugha ya wengine, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, alikuwa mtu wa lugha ya Kiajemi, lakini kitabu chake kikubwa cha udaktari alikiandika kwa Kiarabu, kwa sababu Kiarabu ndicho kilichokuwa lugha ya wenye elimu katika nchi zile. Katika karne ya 12 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo na Gerard wa Cremona, na vyuo vya Ulaya vikakitumia kwa muda wa miaka mingi sana. Waingereza wenyewe nao walisoma kwa lugha ya kigeni. William Harvey, mtu aliyeonyesha jinsi damu inavyozunguka mwilini, alikwenda Padua katika Italia akapata shahada yake huko mwaka 1602, na kitabu chake cha mwaka 1628 alikiandika kwa Kilatini. Mama yake hakumbembeleza kwa Kilatini alipokuwa mtoto mchanga; alikwenda shule akajifunza, kama vile mtoto wa Kitui au wa Tabora ajifunzavyo Kiingereza leo.

Hata sasa maneno mengi ya kitabibu ayatumiayo Mwingereza si ya Kiingereza bali ya Kiyunani na Kilatini. Kijana wa London aingiapo chuoni hana budi kuyakariri majina ya magonjwa ya ini na ya figo sawasawa na mgeni. Pengine Mswahili ana bahati kumshinda. Mtu akisema homa ya ini, hata mtoto afahamu kwamba ugonjwa uko katika ini. Pumu, surua, kichocho, matende na pepopunda ni maneno ambayo mama wa kijijini ayajua kama daktari ayajuavyo. Basi maneno makubwa ya vitabuni si ndiyo yanayowashinda vijana. Hayo hukaririwa, na kijana aliyezoea kukariri huyaweza. Yanayowashinda ni maneno madogo.

Mfano mmoja watosha. Katika Kiswahili neno "eleza" lafanya kazi mbili. Mwalimu akisema, "Eleza jani," mtoto husema jinsi jani lilivyo. Akisema, "Eleza kwa nini jani hunyauka," mtoto hutoa sababu. Kiingereza kina neno moja la kusema jinsi kitu kilivyo, na neno lingine la kutoa sababu yake. Kijana asiyezitofautisha kazi hizo mbili huandika ukurasa mzima wa mambo ya kweli na asipate alama, kwa sababu alitakiwa kutoa sababu naye akatoa sura. Mtahini haandiki kwamba kosa ni la lugha. Huandika alama tu. Baba akipokea matokeo husema mtoto hajui Bayolojia, na mtoto naye huamini hivyo.

Tena mlango wenyewe umefichwa. Katika Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha afikapo sekondari masomo yake hugeuka kuwa ya Kiingereza. Atakapoomba nafasi ya udaktari, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, kinachoangaliwa ni kufaulu kwake Fizikia, Kemia na Bayolojia katika kidato cha sita. Kiingereza hakimo katika masomo hayo matatu. Mtu angeweza kusema kwamba hapo lugha haina kazi. Lakini mitihani yote mitatu huandikwa kwa Kiingereza na hujibiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo lugha haikuwekwa langoni. Imechanganywa katika kila swali, kama chumvi katika mchuzi.

Katika Kenya mambo yako namna nyingine, lakini mwisho wake ni ule ule. Mtoto wa shamba huanza miaka yake ya kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha Kiingereza huchukua nafasi. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari hutahiniwa Kiingereza na Kiswahili pia, na katika hesabu ya kuingia udaktari, pamoja na Bayolojia, Kemia na Hisabati au Fizikia, lugha inayohesabiwa yaweza kuwa Kiingereza au Kiswahili. Ni jambo zuri kwamba Kiswahili kinapewa heshima hiyo. Lakini aliyeingia kwa nguvu ya Kiswahili chake na akaridhika, atakuta chuoni mihadhara, vitabu na mitihani vyote ni vya Kiingereza.

Mambo haya hayakuanza jana. Masomo ya udaktari yalianza Makerere katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja waliotaka kusomea udaktari katika Afrika Mashariki walikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963, na Nairobi mwaka 1967. Kijana aliyetoka Kisumu au Tanga kwenda Kampala alisoma kwa Kiingereza, akaota kwa lugha ya kwao, na alipoingia wodi za Mulago akamkuta mgonjwa anasema Kiganda. Lugha tatu katika siku moja! Walioweza kazi hiyo ndio waliojenga hospitali za nchi hizi. Hawakuzaliwa na ndimi tofauti na za watu wengine. Walifanya bidii tu.

Sasa na tumtazame kijana apendaye kusomea udaktari Uingereza. Huko mlango wa lugha haukufichwa. Umewekwa mbele ya nyumba, na juu yake zimeandikwa nambari.

Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza havimpokei mtu kwa cheti cha sekondari cha Kenya peke yake. Hutaka masomo ya juu zaidi, kama yale ya Advanced Level ya Waingereza au mengine yaliyo sawa nayo. Nafasi za wageni nazo ni chache. Katika England mpango wa serikali umekuwa kuwapa wageni nafasi kama saba na nusu tu katika kila mia. Maombi hupitia ofisi ya UCAS, na siku ya mwisho kwa udaktari ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia ule wa kuingia. Mtu aweza kuchagua vyuo vinne vya udaktari, asizidishe.

Kabla ya siku hiyo yampasa afanye mtihani uitwao UCAT, ambao hufanywa mara moja tu kwa mwaka, katika miezi ya Julai hadi Septemba. Sehemu yake ya kwanza ni ya kusoma habari na kupima kama maneno fulani yanatokana nazo kweli. Maswali ni 44, na wakati ni dakika 22, yaani nusu dakika kwa kila swali, na ndani ya nusu dakika hiyo imo pia kazi ya kuisoma habari yenyewe. Mtu haongezewi dakika hata moja kwa sababu Kiingereza si lugha ya mama yake. Kijana aliyezoea kusoma kwa kutafsiri kichwani, neno moja baada ya jingine, atakuwa katika habari ya tatu wakati wenzake wamekwisha maliza ya sita. Si mjinga kuliko wao. Amebeba mzigo ambao wao hawakuubeba.

Kisha uko mtihani wa lugha yenyewe. Unaojulikana zaidi ni IELTS, wenye sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Alama zake huishia 9. Katika kusikiliza, sauti husikika mara moja tu, na wasemaji si wa namna moja. Huyu ni wa Uingereza, yule ni wa Australia. Katika kuandika, kazi ni mbili kwa saa moja, ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250. Kusema huchukua dakika 11 hadi 14 mbele ya mtahini. Vyuo vingi vya udaktari hutaka jumla ya 7 au 7.5, na mara nyingi huweka kiasi ambacho hakuna sehemu hata moja iruhusiwayo kushuka chini yake. Hapo ndipo wengi huanguka. Mtu aweza kupata 8 katika kusoma na 6 katika kuandika, na hiyo 6 ikaziba njia yote.

Mlango wa mwisho ni mahojiano. Vyuo vingi sasa hutumia namna iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada: kijana hapiti mbele ya baraza moja, bali huzunguka kutoka kituo hadi kituo, na kila kituo kina kazi yake ya dakika chache. Hapa aliulizwa kwa nini ataka udaktari; pale atakuta mtu aliyejifanya ana huzuni, naye atakiwa kumfariji.

Katika vituo hivyo malezi mema yaweza kumponza kijana. Mtoto aliyefunzwa adabu hamkazii macho mtu mzima, na akiulizwa na mkubwa hujibu kwa maneno machache, kisha hunyamaza. Nyumbani hiyo ndiyo heshima. Mwulizaji wa Kiingereza aweza kudhani kwamba kijana hana la kusema. Tena liko neno "pole". Mswahili humwambia pole mgonjwa, mfiwa, mchovu, na hata aliyejikwaa njiani, wala hakiri kosa lolote. Kiingereza hakina neno la kazi hiyo yote. Kijana akilifasiri kwa neno la kuomba radhi, mfiwa aweza kuuliza, "Kwani wewe umefanya nini?" Na kinyume chake, Mswahili husema "Nipe maji" kwa sauti ya upole, na hakuna anayechukizwa, lakini Mwingereza hutazamia neno la tafadhali, na lisipokuwapo huona amekosewa adabu. Mambo kama hayo hayamo katika kamusi. Hujulikana kwa kuishi na wasemaji wa lugha, au kwa kufundishwa na mtu aliyeishi nao.

Msomaji aweza kuuliza, je, si dhuluma kumpima mtu hivyo? Kwa nini aliye hodari wa sayansi azuiwe na nusu alama ya kuandika?

Jibu la haki lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mgonjwa. Mwaka 2008 daktari mmoja alitoka Ujerumani kwenda Uingereza kufanya kazi ya zamu. Mamlaka ya eneo moja ilikuwa haikumpokea kwa kuwa Kiingereza chake hakikutosha. Mamlaka ya eneo jingine ikamkubali. Katika zamu yake ya kwanza alimpa mgonjwa dawa kali ya kutuliza maumivu, mara kumi ya kiasi kilichofaa, na mgonjwa akafa. Kosa lenyewe lilikuwa la dawa, si la sarufi. Lakini watu waliuliza jinsi gani aliyekataliwa mahali pamoja kwa ajili ya lugha alikubaliwa mahali pengine, na mwaka 2014 sheria ilibadilishwa, Baraza Kuu la Udaktari la nchi hiyo likapewa uwezo wa kuwapima Kiingereza hata madaktari waliotoka nchi za Umoja wa Ulaya. Mwaka huo huo Baraza lilipandisha alama ya IELTS inayotakiwa kwa daktari mgeni kutoka 7 kuwa 7.5. Tena yafaa kutambua kwamba daktari yule alikuwa raia wa Ujerumani mwenye asili ya Nigeria. Mlango wa lugha humngojea kila mgeni.

Mgonjwa naye hasemi kama kitabu. Mwingereza akisema kwamba yuko chini ya hali ya hewa, maana yake ni kuwa hajisikii vizuri, wala haangalii mawingu. Daktari wake humwuliza kama anapitisha maji sawasawa, na habari hiyo ni ya haja ndogo. Neno moja lao lina maana ya kigoda na maana ya haja kubwa pia. Kijana aliyejifunza Kiingereza chake katika kitabu cha Bayolojia tu atakaa mbele ya bibi kizee wa kule asifahamu analalamikia nini. Bibi yule ana haki ya kufahamiwa.

Upande wa pili ni wa kijana. Ni kweli kwamba mtihani wa lugha hupima mambo ambayo hayahusu udaktari. Kuandika maneno 250 juu ya magari mijini au faida za utalii hakuonyeshi kama mtu atamkagua mtoto mwenye homa kwa uangalifu. Waliolitambua jambo hilo huko Australia walitengeneza mtihani mwingine, uitwao OET, ambao ndani yake daktari huandika barua ya kumpeleka mgonjwa kwa mwenzake, na huzungumza na mtu aliyejifanya mgonjwa. Baraza la Uingereza hukubali mtihani huo kwa madaktari waliokwisha kufuzu. Hiyo ni njia ya busara, kwa kuwa hupima kazi kwa kazi.

Tena ziko nchi ambazo hazikusema kwa mgeni, "Jifunze kwanza lugha yetu, kisha uje." Zilisema, "Njoo, nasi tutakufundisha." Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na kuitwa baadaye kwa jina la Patrice Lumumba, kiliwapokea vijana wa Afrika wasiojua neno la Kirusi, kikawapa kwanza masomo ya lugha, kisha wakaingia katika udaktari au uhandisi. Kuba ilifungua shule yake ya udaktari ya wageni karibu na Havana mwaka 1999, na wasiojua Kihispania huanza nacho. Hapana haja ya kuzisifu siasa za nchi yoyote ili kuona busara ya mpango huo. Lugha ilihesabiwa kuwa somo, ikapewa wakati wake na walimu wake, badala ya kuachwa iwe bahati ya mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Lugha si akili, bali ni chombo, kama jembe au kisu cha mpasuaji. Aliyezaliwa nayo hana sifa, na asiyezaliwa nayo hana hatia. Lakini chombo hakina budi kunolewa, na kunoa huchukua muda. Mzazi anayeweka fedha za karo ya miaka sita asisahau kuweka na mwaka mmoja wa lugha. Mwalimu wa Kemia asiseme kwamba Kiingereza ni kazi ya mwalimu mwingine. Mwanafunzi wake ajibupo swali vibaya, na amwulize kwanza kwa Kiswahili. Akijibu vizuri kwa Kiswahili, basi mwalimu amekwisha jua ugonjwa uko wapi.

Kijana mwenyewe ana mengi ya kufanya hata kama kwao hakuna taa ya umeme. Na asome ukurasa mmoja kila siku kwa sauti, asiruke neno. Na aandike kila jioni maneno mia mbili na hamsini huku saa imewekwa mezani, kisha amwombe mtu ajuaye zaidi amsahihishe, wala asione haya kwa wino mwekundu. Na asikilize habari za redio kwa Kiingereza, akisha kusikia mara moja afunge, aandike aliyoyasikia. Na amfundishe mdogo wake somo la moyo au la mapafu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Pale atakapokwama ndipo pa kurudia. Mwenye kufanya hivi kwa mwaka mzima atajishangaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Yako pia mambo ya karatasi, ambayo huonekana madogo nayo yamewaangusha wakubwa. Jina lililoandikwa katika cheti cha kuzaliwa, katika cheti cha shule na katika paspoti na liwe moja, kwa herufi zile zile na kwa mpango ule ule. Wengi wana jina la ubatizo, jina la baba na jina la ukoo, na kila ofisi iliyapanga ilivyopenda. Siku ya mtihani mlinzi wa mlango hutazama paspoti, na majina yasipopatana, fedha za mtihani hupotea. Matokeo ya IELTS huchukuliwa kuwa ya kufaa kwa miaka miwili tu. Anayeufanya mapema mno atalipa mara ya pili, na anayeuchelewesha atapitwa na tarehe ya chuo. Kila chuo kina sharti lake. Viko vinavyokubali alama ya Kiingereza ya cheti cha Kenya badala ya mtihani mwingine, na viko visivyokubali. Njia ya hakika ni kukiuliza chuo chenyewe kwa barua, na kuyatunza majibu katika faili.

Limebaki neno moja, nalo lawahusu waliokwisha pita milango yote mitatu. Daktari kijana arudipo nyumbani, au amalizapo chuo cha hapa hapa, huwa amekaa miaka sita akiuwaza mwili wa mtu kwa Kiingereza. Sasa yuko katika zahanati, na mbele yake amekaa mzee. Mzee asema, "Daktari, mguu waniuma." Kwa Kiswahili mguu waanza nyongani ukaishia kwenye vidole, na mkono ni kutoka begani hadi kwenye kucha. Kiingereza hukata viungo hivyo vipande viwili, kila kipande na jina lake. Daktari asiyeuliza zaidi huandika kipande kimoja katika karatasi, na maumivu yako katika kingine. Mzee asema, "Nasikia baridi," na kusikia huko si kwa masikio. Asema, "Nina homa," naye kwa neno hilo aweza kuwa na maana ya joto la mwili, au ya mafua, au ya ugonjwa wowote uliomlaza. Mama aweza kuona haya kuutaja ugonjwa wake kwa jina mbele ya daktari aliye rika la mwanawe, akauzungusha kwa maneno ya adabu, akitumaini kwamba kijana huyu alilelewa na watu na atafahamu.

Huo ndio mtihani wa lugha usio na alama wala cheti, na hakuna chuo kinachomnyima mtu nafasi kwa kuushindwa. Anayeushindwa hujulikana na wagonjwa wake tu. Hutoka wakiwa na karatasi ya dawa mkononi, wakanyamaza njiani, na siku nyingine huenda kwa mganga wa mizizi, ambaye angalau aliwasikiliza mpaka mwisho. Daktari hodari humwambia mgonjwa pole, huvuta kiti karibu, kisha husema, "Mzee, nionyeshe kwa kidole panapouma." Kidole cha mzee hakihitaji kufasiriwa.

Kwa hiyo kijana atakaye udaktari na ajifunze Kiingereza kwa bidii yote, maana ndicho ufunguo wa vitabu, wa vyuo, na wa kuzungumza na madaktari wa dunia nzima. Lakini asikinunue kwa bei ya lugha yake. Chuo kitamwuliza kwa Kiingereza anajua nini. Mgonjwa atamwambia kwa Kiswahili, au kwa Kikamba, au kwa Kijaluo, wapi panapouma. Yeye ndiye atakayesimama katikati ya hao wawili, na mtu asimamaye katikati yampasa kuwasikia wote.